Santuri ya Mashine Nyingine

Mashine ya gemu ya mjukuu wangu Upendo ina feni iliyochoka. Akiiwasha hulia kwanza kamlio kafupi, kama kifaranga aliyekanyagwa, kisha feni inaanza kuvuma, na mvumo wake unanifikia mpaka jikoni nikiwa nachagua maharage ya makande. Ni vumbi la Same hilo. Hapa kwetu upepo haupigi hodi. Unaingia na udongo mwekundu na kuugawa bila upendeleo: kwenye sufuria, kwenye Biblia, kwenye mapafu ya mashine. Nimeuzoea ule mvumo hata ukikosekana naona kama nyumba ina mgonjwa.

Jumamosi moja ukakosekana. Nikaenda kuchungulia sebuleni. Upendo amekaa sakafuni, ile pedi ya kuchezea iko mapajani, televisheni imezimwa, na mwenyewe anaikodolea macho kama inaonyesha kitu. Nikamuuliza kama mashine imekufa. Akasema haijafa. Nikamuuliza kama umeme umekatika. Akasema upo. Basi nikavuta kiti, maana mtoto anayeongoza darasa zima, anayebishana na mimi kutwa nzima, akianza kujibu neno moja moja, ujue kuna jambo limekaa kooni.

Likatoka polepole. Kulikuwa na gemu jipya la watu wawili, la kujenga kijiji na kulima, mmoja akiwa huku na mwingine kule. Mama yake, binti yangu, ni muuguzi Mtwara, na anayo mashine kama hiyo hiyo. Ndiyo njia yao ya kukaa pamoja jioni akiwa hayuko zamu. Watengenezaji waliahidi tangu mwaka jana kwamba gemu hilo litatoka kwa mashine yao. Mama na mwana walishagawana kazi: huyu atachimba mifereji, yule atafuga. Leo wale watu wametangaza kwamba kwa mashine za zamani wamefuta. Anayelitaka akanunue mashine mpya.

"Kwani hii imeharibika?" nikamuuliza tena, maana bado nilikuwa sijaelewa.

"Haijaharibika, Bibi. Wanasema imepitwa."

"Imepitwa na nani?"

"Na wao."

Nilitaka kucheka, kicheko kikagoma. Maneno yale yale mimi nilishaambiwa, mbele ya kaunta ya duka, hapa hapa Same, nikiwa mdogo kuliko yeye. Nikasahau maharage jikoni. Nikamsimulia, na sasa nawasimulia na nyie.

Kwetu nilikozaliwa ni juu milimani, Mbaga, ambako ukungu hukaa mpaka watu wamalize kunywa uji na kahawa hukauka kwa kubembelezwa. Baba alikuwa na gramafoni ya kutia ufunguo. Aliipata alipokuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huko tambarare, akaipandisha mlimani kichwani, na inasemekana alipofika hakusalimia mtu kwanza. Aliiweka chini, akaifungua, akaitia ufunguo, ndipo akasema shikamoo kwa mama yake huku muziki ukilia. Bibi yangu huyo hakuitika mpaka wimbo ulipokwisha. Alipenda adabu, lakini alipenda na ngoma.

Ilikuwa sanduku jeusi lenye harufu ya grisi na ngozi kuukuu. Santuri za siku hizo zilikuwa nene, nzito kama vigae, ukiangusha moja ni kilio. Sindano ilikuwa ya chuma, fupi, na Baba aliibadilisha kwa uangalifu wa mtu anayemtoa mtoto funza. Sisi watoto tuliruhusiwa kutazama, mikono ikiwa nyuma.

Mama alikuwa mwimbishaji wa kwaya ya akina mama kanisani. Sitasema alikuwa na sauti nzuri, kila mtu husema mama yake alikuwa na sauti nzuri. Nitasema hivi: akianza wimbo, mbwa walilala. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa hasira, na alipika makande yenye chumvi nyingi. Lakini akianza wimbo, mbwa walilala.

Mwaka mmoja baada ya mavuno akaja bwana wa santuri. Alitoka pwani, na gari lake lilisukumwa na wanaume wa vitongoji viwili mpaka kufika kanisani. Alikuja kunasa nyimbo za kwaya. Walitundika mablanketi madirishani, majogoo wa jirani wakafunikwa matenga, na mzee mmoja mwenye kikohozi akaombwa kwa heshima aende akawatembelee wakweze. Kwaya ikaimba wimbo wa mavuno, aliotutungia mwinjilisti wetu, na Mama akaanzisha kila ubeti. Wakati huo alikuwa na mimba kubwa. Mimi nilikuwa nje na watoto wenzangu, tumebandika masikio ukutani kama mijusi.

Walipomaliza, Baba alimleta yule bwana nyumbani na kumwonyesha gramafoni. Alitaka ahakikishe kwa macho. Yule bwana akaizungusha, akaisifia, akaweka mkono juu ya kifuniko chake na kusema mbele ya watu wote kwamba santuri yetu itakuja kulia kwenye mashine hii hii. Nilimwona Mama akiutazama ule mkono na kile kifuniko. Usiku ule aliliweka sanduku kwenye kiti, na yeye akakaa kwenye mkeka.

Mama hakuisubiri santuri. Alifariki akijifungua, kabla ya mvua za vuli, na mtoto, wa kiume, akamfuata siku ile ile. Haya ni mambo ambayo watu wazima waliyanong'ona na watoto tuliyasikia. Mimi nilikuwa na akili ya mtoto, na akili ya mtoto hutafuta mlango. Mlango wangu ulikuwa santuri. Nilijiambia Mama amekwenda, sawa, lakini sauti yake iko njiani inakuja. Kila gari lililopanda mlima nililikimbilia.

Na kwaya nayo ikauacha ule wimbo. Hakuna aliyekataza. Wakifika wakati wa mavuno, wanaimba mwingine. Nani angejaribu kusimama pale alipokuwa akisimama?

Zikapita mvua, zikapita nyingine. Mwisho Baba akapata habari kwamba mwenye duka la vitambaa na redio kule Same, aliyekuwa akipokea santuri za kampuni ile, ana neno letu. Tukateremka, mimi na yeye, tangu alfajiri, kwa miguu mpaka barabara ya chini na kisha kwa lori la mbao. Nilivaa gauni la Noeli. Nilikuwa nakwenda kumpokea mama yangu, sikutaka anikute na viraka.

Mwenye duka alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulionitisha. Alimpa Baba kiti. Akaeleza kwamba kampuni imeacha kutengeneza santuri zile nene za mashine za ufunguo. Zote zilizoahidiwa zimefutwa, za kwaya, za taarabu, za dansi, zote. Sasa zinatoka hizi nyepesi, za mashine mpya za umeme. Akatoa moja chini ya kaunta. Ilikuwa ndogo, imelegea kidogo ukiishika, na katikati ina tundu kubwa la kuingiza vidole viwili.

Baba aliigeuza, akaitazama pande zote. "Hii ni santuri au ni kisahani cha chai?"

"Ni santuri, mzee. Ni ile yenu. Wimbo wenu umo."

"Mashine yangu ni nzima. Nimeitia mafuta wiki hii."

"Najua ni nzima. Wameiacha tu."

Kijijini hatukuwa na umeme, tusingekuwa nao kwa miaka mingi sana, na sisi tuliotoka kule tulilijua hilo bila kuambiwa. Mwenye duka akampa santuri bila kudai kitu. Akamwonya: mashine yako itaizungusha mbio mno, na sindano ya chuma italima juu yake kama jembe la ng'ombe. Iwekeni kama kumbukumbu, akasema. Itundikeni ukutani.

Njia nzima ya kurudi sikulia. Niliibeba mimi, ndani ya kanga, na nikawa naiweka sikioni. Mnacheka. Haya, chekeni. Mtoto aliyeambiwa mama yake yumo ndani ya kitu, mlitaka akiweke wapi?

Baba hakuitundika ukutani. Tulipokuwa tambarare alisimama kwenye mgunga mmoja akavunja miiba, mirefu na mikavu, akaifunga kwenye leso. Nyumbani alichukua gunzi la mahindi, akalichonga likaziba lile tundu kubwa, akatoboa katikati kwa msumari wa moto. Kwenye kichwa cha gramafoni akachomoa sindano ya chuma, akapachika mwiba. Shangazi zangu walikuja, bibi yangu akaja, na majirani waliosikia tumerudi. Baba akatia ufunguo mpaka mwisho, akashusha mwiba.

Jamani. Kilichotoka ni vifaranga. Kwaya nzima ya vifaranga, wanakimbizana, wanapiga kelele, na mmoja mbele yao anawaongoza kwa sauti ya panya aliyebanwa mlangoni. Watoto wakaangua kicheko. Nami nilicheka, mwili ulicheka wenyewe, na huku nacheka nikahisi kitu kinaniponyoka.

Bibi yangu akasimama. "Zima. Huyu si mkwe wangu."

Baba hakuzima. Alinyoosha mkono, akaweka kidole gumba kwenye ukingo wa ile sahani inayozunguka, akakandamiza taratibu. Vifaranga wakapunguza mbio. Wakawa watoto. Wakawa wasichana. Kidole kikazidi kukaza, sahani ikawa inakwenda kama mtu anayepanda mlima na mzigo, na ghafla, katikati ya mkwaruzo na mvumo, akaingia Mama. Mama mwenyewe, na kukwaruza kwake kwa hasira ndani ya lile koo zuri. Kisha kidole kikakaza kupita kiasi, akawa mwanaume, Baba akalegeza, akarudi.

Nimeishi miaka mingi, nimeona televisheni, nimeona binti yangu akinipungia mkono ndani ya simu kutoka Mtwara. Sijaona ufundi kama ule wa kidole. Wengine walijaribu baadaye, wanaume wenye mikono mizuri ya kazi, wakashindwa. Walimfanya mnene, walimfanya mtoto. Hawakujua asimame wapi. Baba alijua kwa sababu alikuwa ameisikia sauti ile ikimgombeza kwa miaka.

Sasa sikilizeni kosa letu, maana kwingine kutumia cha mtu kama cha wote wangekuita wizi. Kwetu maji ya kumwagilia hukusanywa usiku kwenye bwawa la mawe na udongo linaloitwa ndiva, na asubuhi hufunguliwa, kila ukoo kwa zamu yake. Hakuna mwenye ndiva. Kuta zake hujengwa kwa msaragambo, kazi ya wote, na maji yake huwa ya wote. Basi watu wakaja kwa Baba na akili ile ile. Kwaya ni ya wote, walisema, walioimba ni mama zetu na dada zetu. Nao wapewe zamu. Na Baba akakubali. Kila Jumapili baada ya ibada alilibeba sanduku mpaka nyumba ya zamu, na miiba yake, na gunzi lake, na kidole chake. Akina mama walijaa kule, wakakaa chini, wakasikiliza, wakaomba arudie, akarudia.

Mimi nilifuatana naye na nilikuwa nasikia kitu ambacho wao hawakusikia, au walijifanya. Kila Jumapili Mama alikuwa anakwenda mbali kidogo. Mkwaruzo uliongezeka. Ubeti wa kwanza ulianza kuliwa, kama nguo inayoanzia pindoni. Mwiba ni laini kuliko chuma, lakini ni mwiba, na kile kichwa cha gramafoni kilikuwa kizito kama nyundo.

Siku moja njiani kurudi nikashika kamba ya sanduku, nikaivuta ili asimame.

"Baba, wanammaliza."

Aliuweka mzigo chini. Alikuwa mtu wa maneno machache na hayo machache aliyatafuta kwa shida. "Ndiva hujaa usiku ili ifunguliwe asubuhi, Nakundwa. Usipoifungua inabomoa ukuta."

Akaubeba tena mzigo wake. Mimi nikabaki pale njiani, nikiwa nimemchukia, ndiyo, nalisema neno hilo. Nilikuwa na mama mmoja na akawa anagawiwa kama maji ya kumwagilia viazi.

Kabla ya mavuno yaliyofuata hakukuwa na kitu tena. Ukishusha mwiba, unasikia mvua ikinyesha juu ya migomba, basi. Baba akaifunika gramafoni, na siku moja ikanunuliwa na mtu wa Gonja aliyekuwa na santuri zake nene. Kile kisahani sijui kilikwenda wapi. Mimi niliolewa, nikateremka Same, nikauza nyanya, nikazaa, nikasomesha watoto kwa nyanya hizo hizo, na wote wana vyeti. Baba alizeeka, akafa, na mimi nilimzika nikiwa nimemsamehe mambo yote isipokuwa lile.

Nilipofika hapo katika kusimulia, Upendo alikuwa ameshaiacha ile pedi. Akaniuliza kwa hasira kwa nini yule bwana wa santuri aliweka mkono juu ya sanduku na kuahidi. Nikamwambia labda alikuwa mkweli siku ile. Watu wa namna hiyo huwa wakweli siku ile. Kisha huko wanakokaa watu wakubwa, mtu ambaye hajawahi kumwona mama yangu wala mama yako anasema tugeuke, na gari zima linageuka. Hawatuchukii. Hawatujui. Na kujengewa chuki kungekuwa nafuu, maana anayekuchukia angalau anajua unapokaa.

"Kwa hiyo nifanyeje?"

"Sijui. Mashine yako ni nzima na mama yako yu hai. Anzia hapo."

Hakupenda jibu langu. Ni mjukuu wangu, hapendi jibu lisilo na mguu. Lakini jioni niliusikia ule mvumo wa feni, na sauti ya mama yake ikilalamika kwamba ameibiwa mbuzi katika lile gemu lao la zamani, na Upendo akimwambia amfunge vizuri wakati mwingine, mama gani huyu.

Nikabaki jikoni na kitu kimoja ambacho sikumsimulia, kwa kuwa sikuwa na hakika sauti yangu ingefika mwisho.

Miaka michache baada ya kumzika Baba nilipanda Mbaga kwa ajili ya ubarikio, kipaimara cha mtoto wa ndugu. Ulikuwa wakati wa mavuno. Kwaya ilikuwa ya wasichana, wengi wao hata mama zao hawakuwa wamezaliwa Mama alipokufa, wamevaa sare za zambarau, wana kinanda cha umeme. Wakasimama, na wakaanza wimbo wa mwinjilisti wetu. Nilishangaa tu kwamba upo. Kisha wakafika kwenye ubeti wa pili, mahali panaposema "tunakuletea", na yule msichana mwimbishaji akasema "tunakule", akavuta pumzi, akamalizia "tea". Na kwaya nzima ikamwitikia hivyo hivyo: tunakule, pumzi, tea.

Hakuna mwimbishaji anayekata neno katikati. Mwinjilisti wetu angempiga mtu kwa kosa hilo. Baada ya ibada nikamtafuta yule binti nikamuuliza nani aliwafundisha kukata pale. Akanitazama kama ninayeuliza kwa nini maji huteremka. Akasema, "Ndivyo wimbo ulivyo, bibi. Ndivyo walivyotufundisha bibi zetu."

Niliondoka nikakaa nyuma ya kanisa, kwenye jiwe. Pumzi ile niliijua, ilikuwa ndani ya santuri. Mwanamke mwenye mimba kubwa, aliyekuwa amebakiza siku chache za kuishi, alisimama mbele ya mashine ya kunasia sauti, na neno likawa refu kuliko kifua chake. Akapumzika pale. Mara moja. Na akina mama waliokaa sakafuni zile Jumapili zote hawakuwa wanastarehe kama nilivyodhani. Walikuwa wanajifunza kusimama pale alipokuwa akisimama. Walichukua wimbo wote, na upungufu wake wa pumzi, na uchovu wake, na ndugu yangu aliyekuwa akimbana mbavu, wakavitia vifuani mwao na kuviteremsha kwa mabinti zao. Mimi nilikuwa nahesabu mikwaruzo. Baba alikuwa anafungua maji.

Sijui kama alijua. Labda alikuwa na huzuni tu, na mtu mwenye huzuni hawezi kumnyima jirani. Sikuwahi kumuuliza, na sasa wa kuulizwa ni kaburi.

Alasiri wakauimba tena, watu wote wamesimama. Nami nilisimama nao. Tulipofika pale, nikavuta pumzi.